Siku Tuliyomfuata Njoroge

Kuna harufu ambayo kila mtu aliyekulia upande wetu wa Eldoret anaijua, hata kama hajawahi kuipa jina. Ni ile ya mahindi yaliyokwisha kuchanua, mvua ya alasiri ikiwa imeyanyeshea na jua likatoka tena kidogo. Wenzangu niliosoma nao, ambao sasa wana watoto na mashamba ya kukodi, huniambia wakiisikia hukumbuka mahindi ya kuchoma na likizo ya Agosti. Mimi nikiisikia hufunga dirisha la gari. Juzi mwanangu aliniuliza mbona nafunga na hakuna vumbi. Nikamwambia ni baridi, kisha nikaendesha mpaka Soy, nikimwaza kaka yangu.

Tuliishi Langas, nyuma ya lango la mabati ambalo Baba aliliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe: fundi wa mashine za posho. Alitengeneza mashine za kusaga unga, za mjini na za vijijini, na mikono yake ilinuka grisi hata akiwa kanisani. Alikuwa na pikapu ya buluu iliyozeeka, stata yake ilikufa zamani, kwa hivyo aliiegesha kila mara penye mteremko au penye watu wa kuisukuma. Mama aliuza mitumba. Watoto tulikuwa wawili tu: mimi, Shiru, darasa la tatu, na Njoroge, aliyenitangulia kwa miaka mingi hivi kwamba wageni walidhani ni mjomba wangu.

Njoroge alipewa jina la babu, mzazi wa Baba, kama ilivyo desturi yetu. Ndiyo maana Baba akiwa amefurahi, au amechoka sana, hakumwita Njoroge. Alimwita Baba. "Baba, kuja unishikie hii spana." Nilipokuwa mdogo zaidi jambo hilo lilinichekesha mpaka nakohoa, mzee mzima kumwita mtoto wake baba.

Njoroge alikuwa wa kwanza nyumbani kwetu kuingia chuo kikuu, pale Chepkoilel. Mwaka wa pili alirudi katikati ya muhula na hakuna aliyenieleza kwa nini. Akawa halali. Akawa anakaa mbele ya redio iliyozimwa na kuijibu, kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa swali na mwalimu. Walimpeleka hospitali, akarudi amevimba uso na ulimi mzito, akakaa nasi majuma machache, halafu asubuhi moja kitanda chake kikawa kitupu. Nilimsikia Mama akimwambia jirani yetu Mama Chebet, kwenye kamba ya kuanikia nguo:

"Amekimbia. Ametoka kabla hakujapambazuka."

Sasa, mtoto wa Eldoret ukimwambia mtu amekimbia, ataelewa nini? Kila asubuhi tukienda shule tulipishana na wakimbiaji. Walikuwa wametoka kabla hakujapambazuka. Walikuwa wakondefu, hawakusema na mtu, na walitazama mbali, vilevile Njoroge alivyokuwa akitazama siku zile. Watu wazima waliwataja kwa heshima. Mambo yote yakanikaa sawa kichwani: kutolala, kukonda, ukimya, hata hospitali, kwa maana nilijua wakimbiaji hupimwa na madaktari. Nilienda shule nikawatangazia wenzangu kwamba kaka yangu ameingia kambi ya mazoezi. Nyumbani hakuna aliyenirekebisha kwa sababu sikuuliza. Jina lake likitajwa sauti zilishuka, nami nikaamini ni siri ya mashindano.

Jumamosi moja ya likizo Baba alinichukua tupeleke mota aliyoitengeneza kwenye mashine ya posho karibu na chuo. Mama alisema turudi kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa na malapa na gauni la kuchezea, kwa kuwa hatukuwa tunaenda popote.

Tulipofika, wakati Baba akishusha ile mota, mwendeshaji wa boda boda mmoja aliyekuwa akisubiri unga wake alimkaribia, akavua kofia.

"Mzee, samahani. Si wewe ni baba ya yule kijana alikuwa anasoma hapa? Mrefu, ako na kovu kwa nyusi?"

Baba aliiweka mota chini polepole. "Ni mimi."

"Nilimuona jana jioni kule Ziwa sokoni. Anatembea tu kando ya barabara. Nikamwambia apande nimrudishe bure, akasema ana safari."

"Una hakika ni yeye?"

"Mzee, huyo kijana alikuwa ananiita kwa jina. Ni yeye."

Baba aliifuta mikono yake kwa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo ilivyohitaji. Akanitazama kama mtu aliyekuwa amesahau kwamba amekuja na mtoto. Vijana wakaisukuma pikapu ikawaka, na tulipofika kwenye lami, badala ya kupinda kuelekea mjini, akapinda upande mwingine.

"Baba, nyumbani ni huku," nikasema.

"Najua, mami."

Nilifurahi, siwezi kuficha. Sikuwahi kusafiri bila kuoshwa na kupakwa mafuta kwanza. Mashamba yalianza pale nyumba zilipoisha, mahindi yamefika juu ya kichwa cha mtu mzima, mbuzi wamefungwa kando ya barabara, mitungi ya maziwa imepangwa kwenye malango. Baba alikuwa akiendesha polepole sana. Nilidhani ananionyesha nchi. Kila tulipompita mtu anayetembea, aligeuza kichwa akamtazama usoni, hata wazee, hata wanawake waliobeba kuni.

Tulipofika Ziwa alisimama mbele ya kibanda cha chai, akaacha injini ikinguruma. Mama mwenye kibanda alikuwa mnene, na leso yake ilikuwa nyeupe kabisa.

"Chamgei, mama," Baba akasalimia kwa Kinandi chake kidogo.

"Chamgei mising."

Alimwonyesha picha ndogo aliyoitoa kwenye pochi. Yule mama alifuta mkono kwenye aproni kabla ya kuishika.

"Huyu alilala hapo kwa veranda ya duka. Asubuhi nikampea chai na mandazi. Alinishukuru vizuri sana, huyu ni mtoto amefunzwa adabu. Halafu akaenda hii njia ya Moi's Bridge." Akamrudishia picha. "Ni wako?"

"Ni wangu. Ako aje?"

"Miguu, mzee. Miguu imeumia sana."

Alinipa mandazi yaliyofungwa kwa gazeti na hakutaka kulipwa. Aliniwekea mkono kichwani akasema neno la Kinandi nisilolijua, na Baba akainamisha kichwa kama tuko kanisani.

Tukaacha lami tukashika marama, barabara ya udongo mwekundu. Kila mara Baba alisimama, akauliza. Mchungaji wa ng'ombe akasema amepita. Mmoja wa wanawake waliokuwa wakichota maji akasema amepita, hata alitaka maji wakampa. Mimi niliwapungia mkono kwa nguvu, kwa sababu kwangu hao walikuwa mashabiki waliojipanga kando ya njia, na kila "amepita" ilikuwa habari njema. Kaka yangu alikuwa mbele. Hatukumfikia hata kwa gari.

"Baba, ako namba ngapi?"

"Nani?"

"Njoroge. Wengine wako nyuma yake ama wako mbele?"

Alivusha gari kwanza kwenye daraja dogo la mbao.

"Ako peke yake," akasema.

"Basi ako namba moja!"

Baba aligeukia dirisha la upande wake, akaendesha hivyo kitambo, karibu tuingie mtaroni. Nilidhani ameona kitu shambani.

Tulimkuta baada ya kilima. Nilimjua kwa mgongo, na kwa jaketi ya kijani ya chuo ambayo sasa ilikuwa na rangi ya barabara. Alikuwa peku. Hata hilo halikunishtua, kwa maana nilijua wapo wanaokimbia bila viatu. Kilichonishangaza ni kwamba hakuwa akikimbia. Alitembea mwendo wa mtu aliyetumwa dukani na hana haraka.

Baba akapunguza gari likawa sambamba naye. "Njoroge."

Njoroge hakugeuka.

"Njoroge, ni mimi."

Hakugeuka. Baba akasimamisha pikapu katikati ya njia, injini ikiwaka, akaniambia, "Kaa hapo. Usiguse kitu." Akashuka, akaanza kutembea kando yake. Niliwaona kupitia kioo wakienda, mmoja mrefu na mmoja mfupi, wakizidi kuwa wadogo. Baba alikuwa akizungumza, mikono yake ikizungumza pia. Akavua koti akamwekea Njoroge mabegani. Likaanguka. Akaliokota, akalikung'uta, akamwekea tena. Likaanguka tena. Ile mara ya tatu hakulirudisha. Alilishika tu kifuani akaendelea kutembea.

Sijui alisema nini mwishoni. Nilimwona akinyoosha kidole nyuma, kwenye gari. Njoroge akageuka, akaniona, akasimama. Kisha akarudi njia nzima, akafungua mlango, akaingiza kichwa.

"Shiru," akasema. "Meno yako yameenda wapi?"

"Yameng'oka. Yatamea mengine."

"Hayo ni mazuri," akasema, akaingia akaketi kando yangu.

Alinuka moshi na jasho na kitu kingine, kama kidonda. Baba alipanda upande wake, akaikosa gia mara mbili. Nilikuwa katikati yao. Nilimpa Njoroge mandazi, akala yote bila kutafuna sana, halafu nikamuuliza lile nililokuwa nimelibeba tangu Ziwa.

"Umeshinda?"

Alilifikiria swali langu kwa makini, kuliko mtu mwingine yeyote alivyowahi kufikiria maswali yangu.

"Bado," akasema. "Imebaki kidogo tu."

Moi's Bridge Baba alimnunulia maziwa na mkate na malapa mapya. Alipiga magoti kwenye vumbi la kituo, mbele ya watu, akamvisha mwenyewe, akiangalia asiguse palipopasuka. Kisha akampigia Mama simu. Alikuwa anapiga kelele kana kwamba Langas ni ng'ambo.

"Tumempata! Mama Njoroge, tumempata. Ndiyo. Ako hapa na mimi. Ako mzima. Ngoja uongee na yeye."

Njoroge aliiweka simu sikioni. Hata mimi nilimsikia Mama, si maneno, ule mlio wa sauti yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, Mama," akasema. "Nakuja."

Tukashika lami kurudi nyumbani kwa njia ya Soy. Baba alikuwa amebadilika. Aliimba pambio. Alimweleza Njoroge habari za mashine, nani ameng'oa injini ya dizeli na kuweka mota ya umeme, nani amefilisika. Njoroge aliitikia mahali panapostahili. Ninajua leo, kwa kuwa nimekuwa mtu mzima na nimeona mambo, kwamba zile zilikuwa dakika za mwisho za furaha ambazo nilimwona nazo baba yangu. Siku ile nilidhani ndiyo hali yake ya kawaida imerudi.

Tulikuwa tumepita malango ya mashamba makubwa, yale ambayo mahindi huanzia barabarani na huoni yanapoishia, Njoroge aliposema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, nisimamie kidogo. Haja ndogo."

Baba akasimama kando. Injini ikaachwa ikinguruma. Walishuka wote wawili. Njoroge alivua malapa yake mapya, akayaweka pamoja ukingoni mwa shamba jinsi Mama alivyotufundisha kuacha viatu mlangoni, akaingia kati ya mistari. Baba alisimama hatua chache kutoka hapo, akampa mgongo. Mzazi wa kwetu hamtazami mtoto wake mkubwa akijisaidia. Ni heshima. Akasubiri akitazama barabara, akaitazama saa, akakohoa.

"Njoroge?"

Mahindi yalikuwa yametulia. Hakukuwa na upepo hata kidogo.

"Njoroge."

Akaingia. Nilimwona akitenganisha majani kwa mikono miwili, kisha sikumwona tena. Nilisikia akiita jina, kwanza kwa sauti ya kuitia mtu chakula, baadaye kwa sauti nyingine. Nyapara wa shamba lile alikuja kwa baiskeli kuuliza gari hili ni la nani, na alipoelezwa akawaita vibarua wake wakaacha kazi. Walijipanga kwenye mistari wakaingia, wanaume kwa wanawake, wakiitana ili wasipoteane. Mimi nilipanda juu ya bodi ya pikapu. Kutoka pale niliona vilele tu, vya rangi moja, mpaka mbali, na hapa na pale vikitikisika alipopita mtu. Kila vilipotikisika nilisema ni yeye. Alikuwa kibarua.

Na nilimsikia Baba. Alikuwa ameacha kuita Njoroge. Alikuwa akiita, "Baba! Baba!" Huku na huku ndani ya mahindi, sauti ikipanda na kukatika, "Baba! Baba!", hata ungepita barabarani bila kujua ungedhani kuna mtoto amepotea mle na anamlilia mzazi wake. Siku hiyo neno hilo halikunichekesha.

Mvua ilianza, ile nzito ya saa kumi. Vibarua wakatoka mmoja mmoja wamelowa. Baba alitoka wa mwisho, majani yamemkata usoni, matope mpaka magotini. Nyapara alikuwa mtu mpole, wa umri wake.

"Mzee, hili shamba linafika mpaka mtoni, na ng'ambo ya mto ni lingine," akamwambia. "Mtu akiwa hataki kuonekana, hata sisi hatuwezi kumuona. Amekimbia, mzee. Pole."

Amekimbia. Nilimtazama Baba akiitikia kwa kichwa, maji yakimtiririka usoni, na neno lile likageuka ndani yangu, likawa kitu kingine. Hakukuwa na kambi. Hakukuwa na wengine nyuma wala mbele. Wale wote waliosema amepita walikuwa wakimwambia baba yangu kwamba mtoto wake anazidi kwenda mbali na sisi. Niliketi kwenye bodi ya gari, mvua ikinipiga, nikaanza kulia, na Baba akadhani nalia kwa baridi, akanifunika lile koti lake.

Njiani simu ilikuwa ikiita ndani ya shati lake. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Hakuitoa.

"Tutarudi kesho?" nikamuuliza.

"Tutarudi."

Tulirudi. Tulirudi kesho yake, na Baba akarudi Jumamosi nyingi baada ya hapo, Ziwa, Moi's Bridge, Matunda, mpaka Kitale. Alienda polisi, alienda kwenye makanisa ya maombi. Mahindi yakakauka, yakavunwa, mabua yakachomwa, shamba likabaki jeusi na wazi kabisa, ukiona mpaka mtoni. Kwa miaka kadhaa watu walimwambia wamemwona mahali fulani, halafu wakawa hawasemi tena. Baba hakutangaza kwamba ameacha kutafuta. Ila siku moja ya Jumamosi alikaa nyumbani akarekebisha bomba, na Mama hakumuuliza kitu. Baba alizikwa mwaka juzi. Njoroge hakujua, au alijua, siwezi kusema. Mimi nilikwisha kuacha kumngoja zamani, na hilo nalo sikulitangaza.

Lakini jioni ile Mama alikuwa bado anangoja. Tulipoingia Langas tulisikia nyimbo kabla hatujafika langoni. Alikuwa amewaita akina mama wa kanisa, na nyumba ilikuwa imejaa wakishukuru, wakipiga makofi. Mama alitoka mbio kwenye mvua, akafungua mlango wa upande wangu. Aliniona. Akatazama nyuma yangu, kwa Baba. Akazunguka gari, akashika ukingo wa bodi akachungulia, akarudi akatazama tena pale nilipoketi, kana kwamba mtu mrefu vile angeweza kujificha chini ya miguu yangu.

"Ako wapi?"

Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Injini ilikuwa bado ikinguruma.

"Si umesema ako mzima? Si ameniambia anakuja? Baba Njoroge, si ameniambia mwenyewe kwa simu?"

Baba akazima injini, pale pale penye tambarare, ambapo asingeweza kuiwasha tena peke yake.

Ndani waliendelea kuimba, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewaambia. Mama alisimama kidogo akiwasikiliza. Kisha akanishika mkono, akanipitisha nyuma ya nyumba, bafuni. Beseni kubwa lilikuwa tayari limejaa maji ya moto yenye dawa, taulo safi imetundikwa, na shati la Njoroge na suruali yake zimepigwa pasi, zimewekwa juu ya stuli. Nilikuwa mkubwa, nilikuwa najiogesha mwenyewe tangu zamani. Mama alinivua gauni, akanisimamisha kwenye lile beseni, akachutama, akaanza kunisugua miguu. Alisugua nyayo, akasugua visigino, akaingiza kidole kati ya vidole vyangu kimoja kimoja akitoa matope, bila kunitazama, na maji yalikuwa ya moto kuliko nilivyozoea, lakini sikumwambia.